Insha ya Kwanza ya Tumsifu

Siku hizi mtoto ambaye mikono yake haishiki kalamu huvalishwa utepe kichwani, na anachowaza kinajiandika ubaoni. Kwanza hutokea maneno yake mwenyewe, ya kijivu. Halafu utepe huyanyoosha na kuyageuza meusi, na hayo ndiyo yanayosahihishwa. Ya kijivu hakuna anayehangaika kuyasoma.

Leo ilikuwa zamu ya binti yangu Tumsifu, ambaye hajawahi kutamka neno. Tangu azaliwe, mimi ndiye ninayemsemea. Nilikaa mbele kabisa na kitenge changu kipya, moyo ukinidunda utadhani mtihani ni wangu.

"Mama Tumsifu, tulia basi!" Mwalimu Kisanga alinicheka. "Anaanza!"

Maneno ya kijivu yakachomoza: "Sipendi uji wa ulezi. Mama ananilisha kila asubuhi, anawaambia watu naupenda."

Jamani! Kumbe yale macho anayonitolea kila nikimletea kijiko si ya furaha! Nikataka kucheka, nikataka kulia, nikataka kumbeba nizunguke naye darasa zima. Mwanangu ana maneno, tena makali!

Mara yakageuka meusi: "Kila asubuhi mama yangu mpendwa hunilisha uji mtamu wa ulezi."

Wazazi wenzangu wakashangilia.

"Sentensi safi kabisa!" mwalimu akasema, akinipa mkono. "Alama zote!"

Tumsifu hakuutazama ubao. Alinigeukia mimi, akanikazia macho, akingoja nimsemee.

Nikapiga makofi.