Duma Awekwa Sawa Kisaikolojia

Duma, mwenye mbio kuliko wote, aliogopa kushindwa na Ngiri msahaulifu. Mashindano yalikuwa ya hatua mia tu, na mshindi angetangulia kunywa kisimani kiangazi kizima. Akamwita Bundi, bingwa wa kuwaweka wakimbiaji sawa kisaikolojia.

"Fumba macho, bwana mkubwa," Bundi alimwambia mstarini. "Vuta pumzi. Jione umeshinda."

Duma akajiona. Akavishwa taji, akapungia umati, akaanza hata kushukuru wazazi. Baragumu la kuanzia mbio lilishalia kitambo.

Alipofumbua macho, Ngiri alikuwa ameshafika.

"Uliiandaaje akili?" Bundi alimuuliza Ngiri.

"Kwani yalikuwa mashindano?" Ngiri alishangaa. "Nimesikia mlio, nikakimbia."

Kesho yake Bundi alifungua darasa la kusahau. Duma alikaa mbele kabisa, koo limemkauka, akiandika kila neno asije akalisahau.