Mruko wa Darajani

Kiwiko cha Valliammai kilimgonga mumewe ubavuni kwa mara ya nne.

"Umeuona mwavuli mwekundu? Wameutoa kwenye ile filamu ya zamani!"

"Nimeuona," alisema Thangappan. Hakuwa ameuona. Alikuwa akimtazama mkewe, jinsi uso ulivyomng'aa kama msichana.

Lilikuwa onyesho la kwanza la asubuhi, na nusu ya mji wa Madurai ilikuja kuwinda vipande vya filamu ya zamani vilivyofichwa ndani ya hii mpya. Hakuna aliyewinda kama Valliammai. Ile ya zamani, iliyopigwa hapo hapo mjini kwao, aliitazama mara kumi na tisa kabla ya kuolewa. Miaka arobaini na mmoja baadaye, picha ya gazeti ya shujaa akiruka kutoka darajani bado ilikaa kabatini mwake, kati ya sari za hariri.

Kila sari ilipotolewa, Thangappan aliiona picha ile. Alikuwa na neno moja la kumnyamazisha mkewe, ila ujanani aliapa juu ya moto wa kafuri kwamba atakufa nalo.

Sasa shujaa kijana alikuwa akikimbia darajani. Gari moshi likaja chini yake. Mbinja zikapigwa, vikaratasi vikarushwa hewani. Kijana akaruka, akatua juu ya behewa.

"Devarathnam mtupu!" alipayuka mtu wa nyuma, akilitaja jina la nyota wa zamani. "Hawajakosea hata unywele!"

Valliammai alisonya. "Wamekosea. Yule hakuruka hivyo. Na hakuna atakayeruka kama yeye."

Thangappan akamgeukia kwa wivu. "Basi nenda kaishi na huyo Devarathnam wako! Miaka yote hii nalishwa wali na mke wa mtu!"

Watu waligeuka. Valliammai alimtazama mumewe kama aliyeshuka jana kutoka mwezini.

"Devarathnam? Yule wa kushikwa mkono akishuka garini? Baba Selvi, uzee wote huu, kumbe hujui?" Akamsogezea mdomo sikioni. "Aliyeruka alitanguliza mguu wa kushoto, na bega akalilaza. Nilimtafuta mji mzima miezi minane, mpaka nilipokuona unaruka mtaro vivyo hivyo pale sokoni, nikaenda kumwambia baba aniozeshe kwako."