Nyumba Inayosikia

Mtaani kwa Tausi hakuna aliyehudhuria mikutano tena. Nyumba ya kila mtu ndiyo iliyopiga kura kwa niaba yake, kwa yale iliyoyasikia yakisemwa ndani.

Wiki iliyopita, cherehani ya jirani yake Nasike ilipomkatiza usingizi wa mchana, Tausi alifoka, "Huyu naye si ahame tu!"

Leo Nasike alipiga hodi, kaleta bakuli ambalo Tausi alimpelekea maharage. Bakuli la jirani halirudi tupu, alilijaza mandazi.

"Nimepigiwa kura nihame, dada. Kumi na mbili kwa kumi na moja. Najua wewe ulinitetea."

Tausi alipokea bakuli. Alipofunga mlango akanong'ona, "Mungu nisamehe."

Ukuta ukajibu kwa upole, "Maoni yako yamepokelewa. Asante kwa kushiriki."