Kibao cha Mtaa wa Moscow

Kwa mara ya nne mwaka huo, baraza la mji lilishindwa kuubadili jina Mtaa wa Moscow. Hakuna diwani aliyepinga. Wengi walikaa tu vitini, mikono mapajani, mpaka mwenyekiti akatangaza kwamba kura hazikutosha. Na vita na Warusi ndiyo hiyo, inaingia mwaka wa tatu!

Bibi Orysia, aliyekuwa amesimama nyuma ya ukumbi, hakungoja ajenda iliyofuata. Alikwenda nyumbani, akatoa ngazi na bisibisi, akapanda hadi kwenye kibao kilichofungwa ukutani kwake. Skrubu zilikuwa zimepakwa rangi miaka nenda miaka rudi, hata hazikusogea.

"Bibi Orysia, shuka!" Alikuwa jirani yake, diwani Yevhen, ndiyo kwanza anarudi kutoka kikaoni. "Mambo haya yana utaratibu wake. Ukiking'oa, barua zitatufikiaje?"

"Ile ya jeshi ilinifikia vizuri tu," alisema bila kugeuka. "Mama yake Ostap, Mtaa wa Moscow, nyumba namba tisa, tunasikitika kukuarifu. Mwanangu kauawa na Moscow, na wewe unaniletea habari za barua?"

Skrubu ya kwanza ililia, ikazunguka nusu. Ngazi ikayumba. Mkono wa Yevhen, ule ambao haukuinuka ukumbini kupiga kura, ukaikamata ngazi kwa nguvu, na Orysia, kule juu, asijue kama unamshikilia au unataka kumshusha.