Salamu za Korongo

Tangu korongo wavishwe shingoni vidude vya kusema, Bibi Nakunda, mjane wa kijiji kimoja huko Same, alingoja vuli kwa hamu. Ndege hao walitoka Poland alikosoma mwanawe, Elinihaki. Safari hii mmoja alitua uani.

“Mama, Elinihaki hajambo. Mkewe kajifungua tena.”

“Mke? Tena?” Bibi Nakunda alimfokea mwanawe asiyekuwepo mpaka sauti ikamkauka.

Korongo alisikiliza kwa adabu, kisha akachungulia jikoni, ambako jirani, Mzee Mmbaga, alikuwa akisonga ugali kifua wazi.

“Na huyu, nikirudi nimwambie ni nani?”

Bibi Nakunda aliurudisha mlango wa jikoni. “Kwanza karibu panzi, baba.”

Korongo alikula akashiba, akapanda paani, akakunja mguu mmoja na kukodolea macho mlango wa jikoni. Masika, wakati wake wa kurudi, bado ilikuwa mbali.