Uzito wa Mtoto

Mtoto alimponyoka mikononi, akapiga sakafu kwa kishindo, mshono wa begani ukafumuka. Mchanga ukamwagika mpaka chini ya kitanda.

"Umeshamuua tena," alisema mwalimu wa mazoezi. "Polisi wakisikia, mimi sikujui."

Mama alicheka, ingawa mabega yalikuwa yanawaka moto. Alikuwa fundi rangi, mpaka siku jukwaa alilosimamia akipaka ghorofa la watu lilipoanguka naye, uti wa mgongo ukavunjika. Tangu hapo, kutoka kiunoni kwenda chini, mwili ulikuwa wake kwa jina tu.

Mfuko ule wa mchanga aliushona mwenyewe, ukiwa na mikono na miguu, uzito uleule wa bintiye. Maana mdogo wake wa kike, aliyemchukua mtoto akiwa bado ananyonya, alimwambia palepale wodini: "Dada, siku utakayoweza kumwokota chini ukampakata bila kushikwa na mtu, nakuletea. Kabla ya hapo ni kumtesa tu."

Mama hakumlaumu. Mdogo wake hakujaliwa mtoto, lakini huyu alimlea kama yai. Kila binti alipoongezeka uzito, mdogo mtu alipiga simu kumjulisha, na Mama akaongeza mchanga. Ndivyo naye alivyomkuza.

Zilikuwepo asubuhi ambazo hakutaka hata kufumbua macho. Alilala akitazama dari, akiona kila mahali fundi aliyelipaka alipolipua kazi, akijiuliza anahangaikia nini. Asubuhi kama hizo alimpigia mdogo wake.

"Hajambo binti yangu?"

"Mzima. Siku hizi mdomo haufungi. Kutwa nzima ni mama, mama, mpaka majirani wananicheka."

Mama alifunika simu kwa kiganja, kilio kisipite. Alipoweza kusema, alisema, "Mwambie asichoke kuniita."

"Fanya mazoezi, dada."

Naye alifanya. Alifunga breki za kiti, akajisogeza ukingoni, akainama, akavuta, akashindwa. "Usimvute kama ndoo ya maji," mwalimu alimfokea. "Mkono mmoja ukabe kiti, mwingine umzoe. Kifua ndicho kimlete." Viganja viliota sugu. Mashati yalimbana mabega. Hata yeye alianza kuiheshimu ile nusu ya mwili iliyobaki.

Ndipo siku moja mtoto wa mchanga akapanda mpaka mapajani, akatulia. Mwalimu alimtaka arudie. Akarudia.

"Mpigie mdogo wako," mwalimu alisema.

Walikuja Jumamosi. Mdogo wake aliishia mlangoni, mkoba begani, macho mekundu kama asiyelala. Binti alifika mpaka katikati ya chumba, gauni la njano, akawa anayashangaa magurudumu.

Mama alifunga breki. Aliinama. Mkono wa kushoto ukakaba kiti, wa kulia ukapita kwapani kwa mtoto. Huyu alikuwa na joto, na alipumua. Kwa hilo hakuna zoezi lililomwandaa. Akamvutia kifuani. Mtoto akapanda, akapanda, akatua mapajani, wala hakuponyoka.

"Nimeweza," Mama alimnong'oneza kwenye nywele.

Binti aligeuka kumtazama aliyesimama mlangoni. Yule akampa ishara ya kichwa, kama mtu anayemkumbusha mtoto somo walilofundishana njiani. Basi binti akauinua uso kwa aliyempakata, akasema kwa adabu zote:

"Shikamoo, mama mkubwa."