Samaki wa Marehemu

Kabla matanga hayajaisha, Zaituni alifika na ndoo kuchukua samaki wa marehemu kaka yake.

"Tangi na kilichomo ni vyetu, wifi. Wewe ulikuja na sanduku la nguo tu."

Mjane, Mwanahawa, alimtazama akitumbukiza mkono wenye bangili kwenye maji ya chumvi na kupekua mchanga, na samaki mdogo akizidi kujichimbia.

"Huyu anatokaje?"

Mwanahawa alijua. Akigonga kioo cha tangi kwa ukucha, samaki huchungulia.

"Mwulize kaka yako," alisema, akaficha vidole ndani ya kanga.

Zaituni akaanza kuchota maji na kuyamwaga uani. Maji yakapungua. Pembeni mwa tangi, samaki akabeba kokoto mdomoni, akaziba mlango wa shimo lake.